Besi ilipigwa na nani? Habari za Carol Kaye

Kuna mama Mmarekani, mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito ya chini, anaitwa Carol Kaye na nimetaka kuandika juu yake kitambo, kwa sababu kila nikimtaja hapa Kisumu, hata mbele ya watu wa muziki, watu wa kazi kabisa, naulizwa huyo ni nani. Basi natoa simu nawawekea. Ule muziki wa Mission: Impossible ya TV, ile ya zamani kabla ya mambo ya Tom Cruise, besi ni yeye. La Bamba ya Ritchie Valens ya 1958, ambayo hata mtoto wa nasari anaijua, kuna gitaa la rithimu linasukuma huko ndani, ni yeye pia. Amepiga pia kwenye rekodi za Beach Boys, Nancy Sinatra, Sonny na Cher, Glen Campbell, Joe Cocker, Barbra Streisand. Rekodi zake zinakadiriwa kufika 10,000. Elfu kumi, msomaji wangu. Na ni makadirio tu kwa sababu nyingi ya hizo rekodi zilitoka bila jina la mpigaji yeyote kuandikwa mahali, na hapo ndipo uchungu wangu unaanzia.

Mimi napiga besi. Napiga kanisani, napiga harusini, bendi ya benga ikikosa mtu wao wananipigia simu naenda, na studio za hapa mjini zikihitaji besi ya mkono badala ya ile ya kibodi huwa wananiita. Kwa hivyo maisha ya huyu mama nayasoma kama mtu anayesoma habari za fundi mwenzake aliyetangulia.

Kwa wasiojua, kazi ya mpigaji wa studio iko hivi: unapigiwa simu jioni, unaambiwa kesho saa nne uwe mahali fulani, unafika unapewa karatasi ina kodi tupu (chord, yaani noti zinazopigwa pamoja), C, F, G, siku zingine hata karatasi hakuna, ni mtu anakuimbia kwa mdomo "inaenda hivi na hivi", halafu una dakika chache za kutunga kitu ambacho kitakaa kwa huo wimbo milele. Unapiga, unalipwa, unaenda zako. Wimbo ukishika ni yule mwenye sura kwenye jalada anayejulikana. Carol Kaye alifanya hiyo kazi Los Angeles miaka mingi, na kwa miaka ya sitini yote ni vigumu kumpata mtu aliyeifanya zaidi yake kwenye besi.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1935 mji wa Everett, jimbo la Washington, kule juu karibu na Kanada. Baba alikuwa mpiga tromboni, mama mpiga piano, lakini usidhani kulikuwa na hela. 1942 wakahamia California, Wilmington, mtaa wa watu wa bandarini, ndoa ya wazazi ikavunjika, na msichana akawa anasafisha nyumba za watu ili amsaidie mama yake. Akiwa na miaka 13 mama akamtafutia gitaa. Mwaka uliofuata akaanza kusoma kwa mwalimu mmoja anaitwa Horace Hatchett, na haikupita muda mrefu yeye mwenyewe akawa anafundisha wanafunzi wa huyo mwalimu. Hebu fikiria, mtoto wa miaka 14 anapokea watu wazima, anawapanga vidole, analipwa, anapeleka hela nyumbani. Watu wengi wakisimulia habari zake wanaruka hapa wanakimbilia Beach Boys. Mimi nadhani kila kitu kilichofuata kiko hapa, kwa sababu ukimfundisha mtu inabidi ujue ni kwa nini noti hii inafuata ile, hutaweza kusema "sikio langu limeniambia" na kunyamaza.

Miaka ya hamsini alikuwa anapiga jazi kwenye vilabu vya usiku, jazi ile ngumu ya bebop, na wanamuziki weusi ambao walikuwa wakali kuliko mtu yeyote mjini. Mchana alikuwa karani wa kupiga taipu. Usiku gitaa. Watoto wako nyumbani wanataka kula. Mwaka wa 1957 produsa Bumps Blackwell akaingia klabu moja akamsikia, akamuuliza kama angependa kuja kurekodi na kijana mmoja mwimbaji mpya. Kijana mwenyewe alikuwa Sam Cooke. Carol alisita kidogo, kwa sababu watu wa jazi waliamini ukishaingia studio kupiga nyimbo za redio hurudi tena, jazi inakutoka mkononi. Lakini hela ya studio ilikuwa hela. Ukiwa na watoto na mama wa kutunza unajua jibu lilikuwa gani.

Miaka kama sita akawa mpiga gitaa wa studio, na alikuwa mzuri sana. Lile gitaa la akustiki kwenye You've Lost That Lovin' Feelin' ya Righteous Brothers ya 1964 ni lake. Ila kabla ya hapo, 1963, kulitokea jambo lililogeuza mambo yote: kuna siku kwenye studio za Capitol mpiga besi hakutokea. Sijui kama unajua vile studio inakuwa mtu asipotokea, saa zinakimbia, watu wanaangaliana, mwenye hela anahesabu. Wakamwambia Carol ashike besi. Akaishika Fender Precision, besi ya umeme, na baadaye akasema alijisikia amefika nyumbani, kwa sababu mpiga gitaa alikuwa lazima abebe rundo la vyombo kila siku, nyuzi kumi na mbili, banjo, sijui nini na nini, na mwenye besi anabeba chombo kimoja. Pia, na hili ndilo kubwa, aliona nguvu iko huko chini. Besi ikibadilika wimbo mzima unabadilika sura, hata kama mwimbaji haelewi ni nini kimetokea.

Sasa niongee kidogo kuhusu sauti yake, na nitakaa hapa kwa sababu ndipo raha ilipo.

Wapiga besi wengi wa hapa kwetu tunatumia vidole, au kidole gumba kama mzee fulani wa bendi aliyekufundisha alikuwa wa zamani zaidi. Carol Kaye alitumia piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kugongea nyuzi, na aliipiga kwa nguvu mkono ukiwa umetulia kabisa kwenye mwili wa gitaa, chini juu chini juu, kama mtu wa jazi anavyopiga gitaa la kawaida. Nyuzi zake zilikuwa zile laini, zilizozungushiwa utepe bapa, hazina mikwaruzo ukipitisha kidole. Halafu siri yenyewe: alikunja kitambaa kizito cha sufi mara mbili akakibandika kwa tepu juu ya nyuzi, kule nyuma karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa. Hicho kitambaa kinazuia uzi usitetemeke muda mrefu. Noti inatoka, inagonga, inakufa, inaachia noti inayofuata nafasi.

Nimeifanya hapa nyumbani Manyatta. Nilikata kipande cha blanketi kuukuu, nikakikunja, nikakibandika, nikapiga mstari uleule ambao napiga kila Jumapili. Bila blanketi besi yangu ilikuwa inasema uuuummm, inajaza chumba, jirani anajua nimeamka. Na blanketi ikasema tum. Tum, tu-tum. Ghafla nikaanza kusikia vile nimekuwa nikifunika ngoma na uzembe wa noti ndefu. Kuna mwisho wa noti na kuna mwanzo wa noti, na mwisho nao lazima uupige kwa wakati wake. Na fikiria redio za miaka hiyo, spika ndogo ya gari, spika ndogo ya jikoni, besi nzito ya chini haisikiki kabisa pale, kinachosikika ni ule mlio mkali wa piki. Ndiyo maana nyimbo zake zinasikika hata kwa simu mbovu. Jaribu. Weka kwa simu bila spika ya nje, utafuata besi mwanzo hadi mwisho.

Basi tuje kwa utunzi, kwa sababu watu wanadhani mpiga besi anafuata tu.

The Beat Goes On ya Sonny na Cher, 1967. Huo wimbo umekaa kwa kodi moja karibu wote. Moja! Kwa maelezo ya Carol mwenyewe, walipoanza kuupiga ulikuwa umelala hapo chini hauinuki, wapigaji wanajaribu hiki na kile, ndipo akatoa ule mstari wa besi, ule unaoruka na kurudi, na Sonny akaukubali papo hapo na ukabeba wimbo wote. Ukiuondoa ule mstari unabaki na maneno na ngoma. Mtunzi aliyeandikwa ni Sonny Bono peke yake, na Carol alipata malipo yake ya siku ya kazi. Sisemi Sonny aliiba, sheria za wakati ule ndizo zilikuwa hivyo na hata sasa ndivyo zilivyo karibu kila mahali, mtunzi ni mwenye maneno na melodi, aliyetengeneza kile kitu watu wanachokikumbuka analipwa kibarua. Lakini nikiisikiliza naumia.

Wichita Lineman ya 1968, mtunzi Jimmy Webb, mwimbaji Glen Campbell. Glen alikuwa mpiga gitaa wa studio pamoja na Carol kabla hajawa staa, walikaa viti vya karibu miaka, kwa hivyo hapo unasikia marafiki wanafanya kazi. Zile noti sita mwanzoni kabisa zinazoteremka kabla ya kitu kingine chochote kuanza, Carol ndiye alizileta. Na katikati ya wimbo kuna solo ya gitaa zito, la chini, limejaa upweke, utadhani ni mtu anaimba amefunga mdomo. Hilo anapiga Glen mwenyewe, lakini chombo ni besi ya nyuzi sita ya Danelectro ambayo alimuomba Carol palepale studio. Naupenda huu wimbo mpaka nashindwa kuueleza vizuri. Usikilize na hedifoni, usiku, uache mambo mengine.

Na kwa upande mwingine, kitu kinachonifanya nimwamini Carol Kaye ni kwamba hajidai vitu vya watu. Kwenye kazi za Beach Boys, ile Pet Sounds ya 1966 na nyinginezo, watu humsifu sana kwa mistari ile ya besi na yeye kila mara husema hapana, hiyo aliandika Brian Wilson, mimi nilipiga alichoandika. Brian alikuwa mpiga besi wa bendi yake mwenyewe lakini studio alitaka Carol apige, anakuja na karatasi zake ameandika kwa mkono, mistari ambayo haikai kwenye noti ya chini ya kodi kama tulivyozoea sisi, inatembea huko juu kama sauti ya pili ya kuimba. Mtu ambaye angeweza kunyamaza na kupokea sifa, akasema mwenye sifa ni yule. Kwa hivyo akisema ule mwingine ni wangu, mimi nasikiliza.

Kuna mahali amebishaniwa sana, nayo ni Motown, ile kampuni ya rekodi ya Detroit. Yeye anasema alipiga kwenye kazi za Motown zilizofanyiwa Los Angeles, wengine wanashikilia nyimbo fulani ni za James Jamerson wa Detroit, na ubishi umekuwa mkali. Sitaingia. Ninachotaka uone ni kwa nini ubishi upo. Jamerson alipiga kwenye nyimbo zilizotikisa dunia nzima na kwa miaka mingi jina lake halikuwa kwenye jalada hata moja la Motown, mpaka Marvin Gaye alipotoa What's Going On mwaka 1971 ndipo wapigaji wakaandikwa. Jamerson alifariki 1983. Watu wawili wakubwa kabisa wa chombo kimoja, na mashabiki wao wanagombana juu ya nani alipiga nini, kwa sababu kampuni iliona wino wa kuandika majina ni gharama.

Los Angeles angalau kulikuwa na chama cha wanamuziki. Kila kipindi cha kurekodi, ambacho kawaida kilikuwa saa tatu, kilijaziwa fomu: wimbo gani, studio gani, nani alikuwepo, analipwa ngapi. Hizo fomu ndizo leo watafiti wanazichimba kujua ni nani alipiga. Na haziishii kwa historia tu, wimbo ukichukuliwa ukatiwa kwenye filamu miaka thelathini baadaye, waliokuwa kwenye fomu wanalipwa tena. Jina lako likiwepo kuna cheki. Lisipokuwepo, hata ujitetee namna gani.

Wacha nirudi kwa Mission: Impossible kidogo kwa sababu huwa naitumia kufundisha. Lalo Schifrin ndiye aliyeitunga, na vijana wangu wakija nyumbani nawapa hii kabla hawajashika gitaa. Ina midundo mitano kwa kila baa, yaani kila kipimo cha muziki, si minne. Hiyo mitano igawanye iwe kumi midogo, kisha hesabu tatu, tatu, mbili, mbili. Piga meza: MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili, MOJA-mbili. Rudia mpaka usifikirie. Sasa weka noti kwenye kila MOJA: G, G, B flati, C. Halafu mzunguko wa pili: G, G, F, F shapu. Basi, umeipata. Noti ni chache mno, mtoto wa darasa la tano anaweza, ila kuzishikilia bila kukimbia, na bendi nzima ya filamu iko juu yako, tarumbeta, bongo, filimbi, hapo ndipo mtu anajulikana. Kijana mmoja mpiga benga mzuri sana alinisumbulia meza yangu jioni nzima kwa sababu benga imemfundisha kuacha shimo mwanzoni mwa mdundo na kujibu gitaa la solo, na hii inataka akae juu ya MOJA asitoke. Alipoipata alicheka mpaka mama yangu akatoka jikoni kuangalia.

Kuhusu uanamke wake. Alikuwa mwanamke peke yake karibu kila siku kwenye chumba cha wanaume watupu, na ameulizwa hilo swali maisha yake yote, na jibu lake limekuwa lilelile, kwamba noti haina jinsia, ama umeipiga vizuri ama hujaipiga. Nalielewa hilo jibu. Naingia harusini Ahero na begi la gitaa mgongoni naulizwa kama nimemletea bwanangu gitaa, madam mpiga besi wenu anafika saa ngapi. Sijibu. Nachomeka waya, napiga noti ya kwanza, na sijawahi kuulizwa mara ya pili katika harusi ileile. Lakini pia naona kitu ambacho hilo jibu halisemi: yeye alilazimika kuwa bora waziwazi, kusoma noti haraka kuliko mtu wa pembeni, kutokosea, maana mwanaume akikosea amekosea yeye na mwanamke akikosea wamekosea wanawake. Na alikuwa mama wa watoto. Vipindi vitatu, vinne kwa siku, kutoka studio hii kukimbilia ile, kahawa ikiwa ndiyo damu, na nyumbani ameajiri mtu wa kulea watoto kwa hela hiyohiyo ya besi. Mwishoni mwa miaka ya sitini alikuwa amechoka kabisa.

Alichofanya na huo uchovu ndicho kinanishangaza. 1969 akaandika kitabu cha kufundisha besi ya umeme, How to Play the Electric Bass, na akakichapisha yeye mwenyewe, kampuni yake mwenyewe. Wakati huo besi ya umeme ilikuwa bado chombo kipya, mtu alijifunza kwa kuangalia vidole vya mwingine. Akaendelea na vitabu vingine, akaendelea na filamu na TV, mpaka ajali ya gari ya 1976 ikampunguza kasi sana. Kufundisha hakuacha, mpaka uzeeni, mpaka wakati wa intaneti. Yule msichana wa miaka 14 wa Wilmington hakuwahi kutoka darasani.

Mwaka wa 2025, akiwa ametimiza miaka 90, wale wa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki huko Marekani, wakatangaza wanampa heshima yao. Akakataa kwenda. Alisema hafla ile haiakisi kazi ambayo wapigaji wa studio walifanya. Pia kwa miaka mingi amekuwa akikataa jina la Wrecking Crew, ambalo ndilo watu wote wanalitumia kwa kundi lao la wapigaji wa studio wa Los Angeles, anasema hakuna aliyewaita hivyo wakati wa kazi, ni jina lililosambaa baada ya mpiga ngoma Hal Blaine kuandika kitabu chake mwaka 1990. Kuna watu walimuona mkorofi. Mimi namuona ni mtu ambaye alifanya kazi bila jina miaka mingi, kisha akaja kupewa jina ambalo hakulichagua, na akakataa kulishika. Ni haki yake kabisa.

Sasa kwetu. Hizi ni habari zetu pia, usifikiri ni za Hollywood tu.

Nairobi miaka ya sitini kulikuwa na studio ya Equator Sound, na bendi yake ya studio ilikuwa na watu kama Fadhili William na Daudi Kabaka, Daudi wa kwetu huku Western. Bendi moja ikisindikiza waimbaji tofauti, rekodi juu ya rekodi, kazi ileile ya kina Carol. Kericho kulikuwa na studio ya Chandarana, ambapo bendi nyingi za benga zilipanda basi kwenda kurekodi na kurudi. Santuri ndogo zilitoka kwa wingi, na lebo inakupa jina la bendi, labda jina la mtunzi. D.O. Misiani na Shirati Jazz yake tunamjua, tulimlilia alipokufa kwa ajali hapa Kisumu 2006. Okatch Biggy tunamjua. Lakini benga ni besi! Mgeni akisikia benga mara ya kwanza anashikwa na yale magitaa mawili yanayozungumza huko juu, sawa, ila kinachoinua kiuno ni besi, ile inayoruka, inayokawia makusudi, inayokuja na kishindo wakati sehemu ya kuimba imeisha na magitaa yanafunguliwa. Hiyo besi ilitungwa na mtu. Kila wimbo. Huyo mtu alikaa Kericho amekunja uso, gitaa la kuazima, akatafuta mstari ambao leo matanga na harusi zinacheza, na wengi wao huwezi kupata majina yao popote.

Mwaka fulani studio moja ya hapa mjini iliniita, nikapiga, mstari wa mwanzo wa ule wimbo niliutunga mimi palepale na hata produsa alisimama akapiga makofi. Wimbo ukatoka, ukashika, unachezwa matatu zote za Kondele. Kwenye maelezo yake mtandaoni ameandikwa mwimbaji, produsa, mpiga picha wa video, mpaka aliyempaka mwimbaji poda ameandikwa, na shukrani kwa huyo dada kwa sababu kazi yake ni kazi. Besi hakuna. Nilipouliza niliambiwa si ulilipwa. Nililipwa, ndiyo. Lakini sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inamtambua mpigaji ala kuwa na haki zake kwenye kile alichopiga, kuna hata vyama vya kukusanya hela za wapigaji na waimbaji, na huko utaenda kusema nini ikiwa hakuna mahali imeandikwa ulikuwepo? Siku hizi kabla sijachomeka waya naandika karatasi: tarehe, wimbo, studio, nani amepiga nini, tunatia sahihi wote, na kila mmoja anapiga picha kwa simu yake. Mwanzoni walisema najifanya wakili. Sasa kuna vijana wa studio ingine wameanza kuja na karatasi yao wenyewe.

Kwa wale watakaotaka kuanza kumsikiliza Carol Kaye, anzeni na The Beat Goes On, kisha Feelin' Alright ya Joe Cocker ya 1969 ambapo besi inacheka na piano mwanzo mwisho, kisha Wichita Lineman, kisha Pet Sounds yote bila kuruka. Fuata besi peke yake raundi ya kwanza. Ukimaliza weka santuri yoyote ya benga uliyonayo ufanye vivyo hivyo.

Na nina ombi. Nimefungua daftari la wapiga besi wa Nyanza na Western, wa miaka ya sitini mpaka tisini. Kama baba yako, mjomba, babu, au jirani yenu kule nyumbani alipiga besi kwenye bendi yoyote, kubwa au ile ya sokoni tu, muulize kama bado yuko, na kama hayuko waulize aliopiga nao. Nataka jina lake, bendi, na nyimbo alizopiga kama kuna mtu anazikumbuka. Ukiwa na santuri ya zamani nyumbani, piga picha lebo pande zote mbili unitumie. Kama kuna picha ya mzee na gitaa lake itume pia, lakini jina kwanza.